Somo: Mbio ndizo zinazoleta ushindi NFL, au ushindi ndio unaoleta mbio? Namna ya kupima mwenyewe kwa Excel

Wakuu, kila msimu watangazaji wa NFL (ligi ya futiboli ya Marekani) wanaturudishia takwimu ile ile: timu fulani ikifikisha yadi 150 za mbio, karibu haifungwi. Takwimu yenyewe ni ya kweli, ila haimfundishi mtu chochote. Timu inayoongoza kwa pointi 14 katika robo ya nne inakimbia na mpira ili saa itembee. Mkimbiaji akiangushwa ndani ya uwanja saa inaendelea, ilhali pasi isiyodakwa inaisimamisha. Aliye nyuma hana anasa hiyo, anatupa pasi mpaka kipenga cha mwisho. Kwa hiyo sehemu kubwa ya zile yadi 150 imepatikana baada ya mechi kuamuliwa.

Tuelewane kwanza kwenye maneno. Nikisema "jaribio" namaanisha kuanzia mpira unapoanza kuchezwa hadi unapokufa. Timu inapewa majaribio manne, yaani dauni nne, kusogea yadi 10 (mita 9 na kidogo). Kwotabeki ndiye anayerusha, raningibeki ndiye mkimbiaji, na "ukuta" ni wale watano wa mbele wanaozuia.

Hatua ya 1: Weka kando jumla ya yadi

Wachezaji 9 tu wamewahi kuvuka yadi 2,000 za mbio katika msimu mmoja wa kawaida. Wawili walitwaa Super Bowl (fainali ya ligi) msimu huo huo: Terrell Davis na Broncos (1998) na Saquon Barkley na Eagles (2024). Wawili hata mtoano hawakuuona: O.J. Simpson (1973) na Chris Johnson (2009). Watano waliobaki, yaani Eric Dickerson mwenye rekodi ya yadi 2,105 (1984), Barry Sanders (1997), Jamal Lewis (2003), Adrian Peterson (2012) na Derrick Henry (2020), wote timu zao zilitolewa mechi ya kwanza kabisa ya mtoano.

Huyo Barkley mwenyewe, kwenye fainali dhidi ya Chiefs alibeba mpira mara 25 akapata yadi 57, chini ya yadi 2.3 kwa mara moja. Eagles wakashinda 40-22.

Hii haithibitishi kwamba mbio hazina maana. Inaonyesha tu kwamba jumla ya yadi ni kipimo kibovu.

Hatua ya 2: Pata data

Pakua faili za kila jaribio za mradi wa nflverse (nflfastR). Ni bure, na zinaanzia msimu wa 1999. Msimu mmoja una mistari kama 50,000 na safu zaidi ya 350. Kompyuta ya RAM ya GB 4 itagoma ukianza kuchezea faili zima, kwa hiyo kabla ya yote bakiza mistari yenye REG kwenye season_type (msimu wa kawaida), kisha futa safu zote isipokuwa hizi, uzipange hivi:

A posteam (timu yenye mpira), B qtr (robo), C down (dauni), D half_seconds_remaining (sekunde zilizobaki za nusu), E rush (mbio), F pass (pasi), G wp (uwezekano wa kushinda), H epa (naieleza hatua ya 3).

Angalizo muhimu: usitumie safu ya play_type kutenganisha mbio na pasi. Kwotabeki akitaka kurusha, akabanwa, akatoroka na mpira mkononi, play_type inaandika "run", na ligi nayo inazihesabu zile yadi kuwa za mbio. Lakini kocha aliita pasi. Safu za rush na pass zinafuata kilichokusudiwa: mtoroko na kuangushwa kabla ya kurusha vyote vinaingia upande wa pasi. Ukikosea hapa, timu zenye kwotabeki mwepesi wa miguu zitaonekana zina mbio za ajabu kuliko zilivyo. Wala usichanganye na takwimu za vyuo, maana huko yadi za kwotabeki kuangushwa zinakatwa kwenye mbio, wakati NFL inazikata kwenye pasi za timu.

Hatua ya 3: Elewa safu ya epa

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, tusiharakishe.

Kila hali uwanjani ina thamani kwa pointi. Dauni ya 1 na yadi 10, ukiwa kwenye yadi yako ya 25 (yadi 25 kutoka mstari wako wa goli), ni takribani pointi 1 kwa wastani. Safu ya epa inasema jaribio moja limeongeza au kupunguza kiasi gani katika thamani hiyo.

Chukua dauni ya 1 na yadi 10. Mkimbiaji anapata yadi 4, uwanja unashangilia. Sasa ni dauni ya 2 na yadi 6. Umesogea, lakini umetumia dauni moja kati ya nne, na thamani yako iko pale pale au imepungua kidogo. Yadi 3 ni hasara ya wazi. Mbio za kawaida za ligi zinaleta wastani wa yadi 4 na ushei, na wastani huo umevutwa juu na mbio chache ndefu. Ukizipanga mbio zote kuanzia fupi hadi ndefu, inayoangukia katikati ni yadi 3 tu. Ndiyo maana kwa misimu mingi wastani wa epa wa mbio unakaa chini kidogo ya sifuri, na wa pasi unakuwa juu yake, hata ukiingiza pasi zilizoibwa na walinzi, na pia kwotabeki kuangushwa.

Geuza hali: dauni ya 3 na yadi 1. Yadi 2 zilezile ambazo dauni ya 1 zilikuwa hasara, hapa zinakununulia dauni nne mpya. Yadi peke yake haina bei.

Hatua ya 4: Bakiza majaribio ya wakati mechi iko wazi

Kwenye I2 andika:

=IF(AND(B2<=3,C2>=1,C2<=2,D2>120,G2>=0.2,G2<=0.8),1,0)

kisha ivute hadi chini. Unabakiza robo tatu za kwanza, dauni ya 1 na ya 2, ukiondoa dakika 2 za mwisho wa nusu, na wakati uwezekano wa timu kushinda (wp) uko kati ya asilimia 20 na 80. Dauni ya 3 tunaitoa kwa sababu ikibaki yadi 8 kila mtu uwanjani anajua pasi inakuja, na ikibaki yadi 1 kila mtu anategemea mbio. Hakuna uamuzi wa kupima hapo.

Hiyo C2>=1 usiiruke. Mistari ya mpira wa kuanzia na ya majaribio ya pointi 2 (nafasi ya ziada baada ya kufunga) haina dauni, seli iko tupu, na Excel inaisoma seli tupu kama 0. Ukiweka C2<=2 pekee, takataka yote hiyo inapita.

Hatua ya 5: Wastani wa kila timu

Mbio: =AVERAGEIFS(H:H,A:A,"PHI",E:E,1,I:I,1)
Pasi: =AVERAGEIFS(H:H,A:A,"PHI",F:F,1,I:I,1)

PHI ni Eagles wa Philadelphia. Rudia kwa timu zote 32 kwenye karatasi ya pili. Pembeni weka idadi ya mechi walizoshinda (sare ni 0.5) na jumla ya yadi za mbio kutoka takwimu za kawaida za ligi.

Hatua ya 6: Linganisha

Tumia CORREL (fomula ya Excel inayopima jinsi safu mbili zinavyokwenda pamoja) kati ya ushindi na kila safu. Msimu mmoja ni timu 32 tu, ajali mbili za goti zinatosha kulipindua jibu. Unganisha misimu 5 upate nukta 160, ila kuanzia 2021 msimu ni mechi 17 badala ya 16, kwa hiyo tumia asilimia ya ushindi.

Utakachokiona: jumla ya yadi za mbio inaonekana kwenda na ushindi, ubora wa mbio wakati mechi iko wazi unakwenda na ushindi pia, lakini kwa nguvu ndogo, ubora wa pasi unaziacha zote mbili mbali. Mbio nzuri zinasaidia, naam, ila kwotabeki mbovu hazimfichi msimu mzima.

Hatua ya 7: Tafuta mahali ambapo mbio zinalipa kweli

Wastani unaficha mambo, kwa hiyo rudi kwenye mechi. Kabla mpira haujaanza, hesabu walinzi waliosogea karibu na ukuta, wale wa katikati, si wale waliotawanyika pembeni. Wakiwa 6, wazuiaji watano pamoja na mmoja wa kuongezea wanawatosha, na mkimbiaji anaanza kugongwa baada ya kusogea. Wakiwa 8, hata mkimbiaji bora ana mtu mmoja au wawili ambao hakuna wa kuwazuia. Kocha mzuri anamwachia kwotabeki ruhusa ya kubadilisha jaribio palepale kwa kuangalia hesabu hiyo.

Sehemu nyingine ni yadi 1 au 2 zilizobaki, ambapo mbio zina faida, hasa kwotabeki akijisukumiza mwenyewe katikati. Na kuna kwotabeki anayekimbia kwa mpango. Raningibeki akipewa mpira, kwotabeki anabaki mtazamaji, kwa hiyo ni 10 dhidi ya 11. Kwotabeki akikimbia mwenyewe hesabu inasawazika. Ravens wa 2019 na Lamar Jackson walijenga msimu mzima juu ya hesabu hiyo: yadi 3,296, rekodi ya timu kwa msimu, na ushindi 14 dhidi ya 2. Mtoano ukafika, Titans wakatangulia mapema, Jackson akalazimika kurusha mara 59, na Ravens wakatoka kwa 28-12.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Nairobi): Kwa hiyo kumlipa raningibeki mkali ni kupoteza pesa? Mbona Barkley aliibadilisha Eagles?

Mkuu, angalia pande zote mbili. Giants 2023 Barkley alipata yadi 962, wastani 3.9 kwa mara moja. Akahamia nyuma ya ukuta wa Eagles, 2024 akapata 5.8. Hiyo ni kazi kubwa ya ukuta. Lakini D'Andre Swift, aliyebeba mpira Eagles 2023, alipata 4.6, kwa hiyo Barkley naye ameongeza chake. Mfano unaonibana zaidi ni Cowboys. 2014 DeMarco Murray yadi 1,845, ushindi 12. Akaondoka, 2015 Darren McFadden akapata yadi 1,089, ambazo si haba. Timu ikashinda mechi 4 tu, kwa sababu kwotabeki Tony Romo aliumia akacheza mechi 4. Ukiwa na bajeti, anza na kwotabeki, kisha ukuta, mkimbiaji afuate.

Swali (Minneapolis): Wachambuzi wanasema lazima ukimbie kwanza ndipo ile pasi ya danganya toto ifanye kazi. Kweli?

Ile ambayo kwotabeki anajifanya kumpa raningibeki mpira kisha anarusha? Waliopima kwa data za kila jaribio hawakuona kwamba kukimbia mara nyingi, au hata kukimbia vizuri, kunaifanya ifanikiwe zaidi. Mlinzi wa kati amefundishwa kusoma hatua za ukuta: ukuta ukisogea mbele anakuja, hata kama ni jaribio la kwanza la mechi. Udanganyifu uko kwenye miguu ya wazuiaji.

Swali (Dar es Salaam): Falcons waliongoza 28-3 Super Bowl LI wakapoteza 34-28. Si wangekimbia tu?

Hapo nakubaliana nawe, na ndilo eneo ambalo epa haitoshi. Wakiongoza 28-20, zimebaki dakika 4 na ushei, walikuwa yadi ya 22 ya Patriots. Mbio tatu hata za sifuri, kisha shuti la pointi 3 la yadi 40 hivi, ingekuwa 31-20, na Patriots wangehitaji kufunga mara mbili. Walikimbia mara moja wakapoteza yadi 1, kisha kwotabeki wao Matt Ryan akaangushwa akirudi nyuma, yadi 12 zikaenda, adhabu ya kushika ikafuata, na wakatoka nje ya umbali wa shuti. Mwisho wa mechi angalia safu ya wpa, inayopima mabadiliko ya uwezekano wa kushinda. Epa haijui nani anaongoza wala kwa pointi ngapi.

Swali (Berlin): Fomula yangu ya hatua ya 5 inaleta #DIV/0! timu zote.

Kompyuta yako imewekwa kwa mtindo wa Ujerumani, ambako desimali ni koma. Nambari kama 0.43 imesomwa kama maandishi, pengine mingine imegeuzwa tarehe, kwa hiyo safu ya I yote ni 0. Usifungue CSV kwa kubofya mara mbili. Ingia Data, chagua kuingiza kutoka faili la maandishi, uiambie desimali ni nukta. Na kwenye fomula zako tenganisha kwa nukta-mkato badala ya koma. Ukimaliza, jumlisha safu ya I: ikileta sifuri tena, angalia kama wp imesogea kulia ndani ya seli, ikikaa kushoto bado ni maandishi.

Swali (Mombasa): Patriots Desemba 2021 walirusha pasi 3 tu wakawafunga Bills 14-10. Hiyo inaingiaje?

Siku ile Buffalo kulikuwa na upepo ambao pasi ndefu haikuwa na maana, nao wakakimbia mara 46. Ni mechi halali, iache kwenye data. Ukitaka kuchambua hali ya hewa peke yake, kuna safu ya wind. Bakiza pia roof, ili mechi za uwanja uliofunikwa, ambazo seli yake ya upepo huwa tupu, zisisomwe kama upepo sifuri.