Kukamua mawese kwa kinu yasiwe makali

Mawese yanayokwaruza koo huwa yameharibika kabla ya kufika sufuriani. Chikichi ikishachubuka, kimeng'enya kilicho kwenye nyama yake huanza kuyageuza mafuta kuwa asidi, na hakikomi mpaka kiuawe na moto. Basi punguza muda kati ya panga na moto.

Kata mkungu ukiona chikichi 5 hadi 10 zimedondoka zenyewe chini ya mti. Mbichi haichomoki na mafuta yake ni haba. Pasua mkungu vipande kwa shoka, funika kwa majani usiku mmoja. Asubuhi chikichi huwa zimeanza kulegea; zipukuchue. Wako wanaoulaza siku 3 au 4 ili kazi ya kupukuchua iwe nyepesi. Mikono hupumzika kweli, ila ukali huanzia hapo.

Chemsha kwenye pipa, umefunika kwa gunia, saa 1 na nusu hadi 2. Ibonye moja kwa vidole: nyama ikiteleza na kuachana na kokwa, imeiva. Twanga ingali ya moto, maana ikipoa mafuta hung'ang'ania nyuzi. Kokwa ya dura, aina moja ya mchikichi, ina ganda nene, itwange bila wasiwasi; ya aina iitwayo tenera ganda lake ni jembamba, ukikaza mchi utapasua kokwa.

Toa kokwa, mwagia maji ya moto, kamua nyuzi, chuja, kisha engua mafuta mekundu yanayopanda juu. Yarudishe kwenye sufuria kavu, moto mdogo. Mlio ule wa kuchachatika ni maji yanayotoka; ukinyamaza, epua. Ukiepua mapema, maji yaliyobaki yatayaharibu mafuta ndani ya dumu. Ukingoja mpaka yafuke moshi, wekundu unapotea, na wekundu huo ndio karotini, asili ya vitamini A.

Kilo 100 za mikungu ya dura kwa kinu ni nadra kuzidi lita 12. Mafuta yakiganda chini na ya juu yakabaki majimaji, usimshuku muuzaji. Mawese ndivyo yalivyo.

Kokwa zianike mpaka utikise usikie kiini kikicheza ndani, ndipo upasue kwa jiwe upate mise, yaani viini hivyo. Nyuzi ni za kuwashia moto. Vikonyo vitupu vichome: majivu yake yakichujwa kwa maji hutoa magadi ya kupikia sabuni.