Kutafsiri "cheat": anza na kilichopotea

Ukikutana na "The fishmonger cheated me", mkono hukimbilia "Muuza samaki alinidanganya". Msomaji wa Mwanza atauliza: kwani alikwambia nini? Kudanganya kunataka uongo na mtu wa kuusadiki. Muuza sato pale Kirumba anaweza asifungue hata mdomo. Kidole kimeegemea mizani, mizani inasoma kilo moja, ukipima nyumbani unakuta robo tatu. Huyo amekupunja. Kama bei ndiyo iliyopaishwa, umepigwa. Ukifungua mfuko ukakuta samaki si yule uliyemchagua, umepigwa changa la macho. Basi kabla ya kushika kamusi, tafuta aliyetendewa amepoteza nini.

Kwenye kipimo neno ni kupunja, na anayepunjwa si mnunuzi peke yake: gunia likijazwa lumbesa, mkulima ndiye anayeumia.

Kwenye fedha ni kutapeli. Yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ni tapeli, aliyetuma kalizwa.

Ubora ukiharibiwa, sema kuchakachua. Neno hili lilivuma kwenye petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, likahamia kwenye maziwa, asali, hata kura. Kinachochakachuliwa ni kitu. Usimpachike mtu hapo.

Haki ndiyo sehemu inayokosewa zaidi. Wavuvi wamekesha ziwani, tajiri kauza sangara, ukifika mgao anawaficha bei ya kilo. Kuandika "aliwadanganya" ni kumpunguzia kosa, aliwadhulumu. Vivyo hivyo "cheated out of her inheritance" ni "alidhulumiwa urithi". Na kwa kweli neno la Kiingereza limezaliwa jirani kabisa na urithi: ni kifupi cha "escheat", istilahi ya sheria ya zama za kati kwa ardhi iliyomrudia bwana wake pale mmiliki alipokufa bila mrithi. Waliotumwa kuikusanya walijijengea sifa mbaya, na neno likachafuka pamoja nao.

Angalia pia kinachofuata kitenzi. "Cheat on" ni kuchepuka: mtu ana njia kuu, kakata kona. Kitenzi hiki hakibebi mtendwa, kwa hiyo "alinichepuka" haisimami. Ukimhitaji aliyeumizwa, andika "alinisaliti". "Kanichiti" ibaki kwenye midomo ya wahusika vijana, isiingie kwenye taarifa ya habari.

Mtihani nao haudanganyiki, kwa hiyo epuka "alidanganya mtihani". Baraza la Mitihani huita udanganyifu, nawe kwenye maandishi rasmi andika "alifanya udanganyifu katika mtihani". Mwanafunzi mwenyewe atasema aliibia, au alipiga chabo kwa jirani.

Kuna mahali ambapo hakuna aliyeongopewa kabisa. Boti imezama, mtu kang'ang'ania dumu mpaka kukacha: "he cheated death" ni "aliponea chupuchupu". "Cheat sheet" ya mtu wa kompyuta ni muhtasari wa amri anazozisahau, halali kabisa. "Cheat day" ya anayefunga mdomo apungue ni siku ya kula bila kujibana, tena anajitangazia mwenyewe.

Ukimaliza, msomee sentensi mtu asiyejua Kiingereza. Akiuliza "kivipi?", umebakiza kudanganya mahali pasipo pake. Rudi uibadilishe.