Glavu ziombe kwa meseji
Kwa wanaohudumia wazee na wagonjwa hapa Dar: glavu na aproni zikiisha, usimwambie bosi kwa mdomo tu. Mtumie meseji, na picha ya boksi tupu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga, na ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimruhusu kukukata mshahara kiholela ili kuvilipia. Akija na "mbona hukusema", tarehe ipo. (Mimi nilishafua glavu za kutupwa nikazianika kambani, jamani!) Mbinu inaweza kugoma ukiwa ulishasaini karatasi ya kukubali makato ya mshahara. Na tisheti yenye nembo ya ofisi si kifaa cha kinga. Hiyo angalia mkataba wako unasema nani anailipia.