Kufuatilia usugu wa bakteria dhidi ya fluorokwinoloni: hifadhi milimita, si herufi

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwenzangu wa maabara aliyekuwa akiandaa takwimu za miaka mitano za usugu wa bakteria E. coli dhidi ya siprofloksasini, mojawapo ya antibiotiki za kundi la fluorokwinoloni.

Hatua ya 1: Upimaji. Andaa mchanganyiko wa bakteria wenye ukungu wa 0.5 McFarland (kipimo cha wingi wa bakteria kwenye kimiminika), upake kwenye agari ya Mueller-Hinton (chakula kigumu cha kuoteshea bakteria) yenye kina cha milimita 4, weka diski ya siprofloksasini ya mikrogramu 5, kisha otesha kwa saa 16 hadi 18 katika nyuzijoto 35. pH ya agari iwe kati ya 7.2 na 7.4, kwa kuwa asidi ikizidi, duara la dawa hii (eneo lisiloota bakteria kuzunguka diski, ambalo upana wake hupimwa kwa milimita) husinyaa na bakteria huonekana sugu kuliko walivyo.

Hatua ya 2: Udhibiti wa ubora. Pima pia E. coli ATCC 25922, bakteria wa rejea ambaye majibu yake yanajulikana. Duara lake likitoka nje ya viwango, usitoe majibu ya siku hiyo.

Hatua ya 3: Kuhifadhi majibu. Hapa ndipo tulipopoteza siku mbili nzima. Grafu ya mwenzangu ilionyesha usugu umeruka ghafla ndani ya mwaka mmoja, nasi tukashuku diski, tukashuku agari, tukarudia vipimo vya udhibiti, na vyote vikawa sawa. Hatimaye tulifungua daftari la benchi, na kwenye ukurasa mmoja tukakuta bakteria aliyeandikiwa duara la milimita 21 na herufi S (anashindwa na dawa). Miezi michache mbele, mwingine mwenye milimita 21 zilezile ameandikiwa R (sugu). Bakteria hawakuwa wamebadilika. Kilichobadilika ni mipaka ya kusomea. Mwaka 2019 taasisi ya CLSI ya Marekani, inayoweka viwango vya vipimo vya maabara, ilibana mipaka ya siprofloksasini kwa kundi la Enterobacterales, ambamo E. coli wamo: awali milimita 21 na kuendelea ilikuwa S, na 15 kushuka chini ilikuwa R; sasa S huanzia 26, na 21 kushuka chini ni R. Kwa hiyo anayehifadhi herufi peke yake hawezi kulinganisha miaka, ilhali aliyehifadhi milimita huzisoma upya zote kwa mpaka mmoja. Usichanganye mipaka ya CLSI na ya EUCAST (kamati ya Ulaya inayoweka mipaka kama hiyo) katika grafu moja, na andika toleo ulilotumia kando ya kila jedwali. Mimi hupendelea WHONET, programu ya kompyuta ya takwimu za usugu, ambayo ni ya bure na hupokea milimita moja kwa moja, kuliko jedwali la kawaida la kompyuta, ambamo mtu huandika "R", mwingine "r", mwingine "sugu", na hesabu ikavurugika. Kama maabara yenu ina herufi tu, rudini kwenye daftari la benchi hata kama kazi itachukua wiki. Sisi tulifanya hivyo, na mruko ule ukatoweka karibu wote.

Hatua ya 4: Kuondoa marudio. Bakia na kimelea cha kwanza cha kila aina kwa kila mgonjwa katika kipindi husika, la sivyo mgonjwa mmoja aliyelazwa muda mrefu atapandisha asilimia peke yake.

Hatua ya 5: Hesabu. Usitoe asilimia ya aina yoyote yenye vimelea pungufu ya 30. Salmonella ihesabiwe kando, kwa sababu mipaka yake ya siprofloksasini ni tofauti.