Kabla hujasaini: hesabu ya nyumba kwa mwenye mshahara wa kati

Mwenye mshahara wa kati mjini yuko pabaya: kwa nyumba za ruzuku anaambiwa anacho, kwa mkopeshaji anaambiwa hana. Nimekaa miaka kwenye meza ya mikopo, na hesabu ninayowafanyisha ndugu zangu ni hii.

Anza na kinachoingia mkononi baada ya makato. Posho na malipo ya saa za ziada weka pembeni, hukatika bila taarifa.

Utaambiwa nyumba isizidi 30% ya kipato. Kipimo hicho kilienea kutoka nyumba za umma za Marekani: mwaka 1969 sheria iliwawekea wapangaji wake kikomo cha 25%, na mwaka 1981 kikapandishwa hadi 30%. Nauli haimo. Ndiyo maana mimi siangalii kodi peke yake. Jumlisha kodi, maji, umeme, ada ya ulinzi na usafi wa jengo, na nauli ya kila anayetoka asubuhi. Hapo ndipo nyumba ya pembezoni, iliyoonekana rahisi, huanza kupumua kwa shida, hasa wakiwepo wafanyakazi wawili na mwanafunzi. Jumla ikivuka 45%, mimi naiacha, hata dalali asifie marumaru mpaka kesho.

Kwa anayenunua, chunga maneno “tutakupunguzia rejesho”. Kwa riba ya 12% kwa mwaka, kila 1,000,000 uliyokopa kwa miaka 20 inadai takriban 11,010 kwa mwezi. Ukirefusha hadi miaka 25, inakuwa 10,530. Umepata nafuu ya 480, ukaongezewa miezi 60 ya kulipa. Jumla inatoka kama 2,640,000 hadi 3,160,000. (Wateja wengi waliangalia mstari wa rejesho tu, wakasaini.)

Kisha uliza kama riba inabadilika. Ikipanda hadi 14% tangu mwanzo wa ile miaka 20, rejesho linaruka hadi 12,430 hivi. Omba jedwali la hali hiyo kwa maandishi.

Mwisho, jijaribu. Kwa miezi sita, tofauti kati ya kodi unayolipa sasa na rejesho lijalo iweke akiba siku ileile mshahara unapoingia. Ukifika mwisho hujaichokoa, una nyongeza ya malipo ya awali. Ukiichokoa mwezi wa pili, tafuta nyumba ndogo zaidi.