Somo: Kuweka enkoda na stepa kwenye mashine ndogo ya kukereza

Ndugu mafundi, lengo letu ni kukata nyuzi za skrubu bila kubadilisha gia: enkoda (kihisi kinachohesabu mzunguko wa shafti kuu) inaiongoza stepa (mota inayosogea hatua ndogondogo) kuzungusha skrubu kuu inayosogeza kisu. Anzeni na vyuma, umeme baadaye. Mimi niligeuza mpangilio huo. Nilikata uzi wa milimita 1 (umbali kati ya mfereji na mfereji) kwa hesabu safi kabisa, na bado nati ikagoma kuingia, maana shafti ilikuwa ikicheza ndani ya beringi.

Hatua ya 1: beringi. Nyingi za mashine hizi za Kichina zina beringi za goroli, 6206. Weka za rola za mshazari, 30206, ambazo wauza vipuri vya magari wa Kirinyaga Road, Nairobi, wanazijua. Vipenyo havibadiliki, ndani 30 na nje 62, ila unene ni milimita 17.25 badala ya 16, kwa hiyo punguza bushi (pete ya nafasi kwenye shafti) kwanza. Kaza nati ya shafti mpaka mchezo uishe, washa izunguke kwa dakika 15, kisha gusa nyumba ya beringi. Vuguvugu ni sawa. Ikichoma mkono, umebana mno.

Hatua ya 2: reli. Sugua vipande vya kubana, vile vinavyoondoa mchezo kwenye reli, kwa msasa laini juu ya kioo kinene, kisha kaza kidogo kidogo.

Hatua ya 3: sasa nenda Luthuli Avenue, Nairobi, kwa wauza vifaa vya elektroniki. Chukua enkoda ya mapigo 600 kwa mzunguko, ambayo ukisoma kila kupanda na kushuka kwa pigo kwenye njia zake mbili hutoa hesabu 2400 kwa mzunguko, na uifunge kwenye shafti kwa mkanda wa meno, ili shafti ikizunguka mara moja nayo izunguke mara moja. Stepa ya hatua 200, draiva (kifaa kinachoiendesha) ikigawa kila hatua kwa 8, inataka mapigo 1600 kwa mzunguko mmoja wa skrubu kuu. Pima skrubu kuu: yangu husogeza kisu milimita 1.5 kwa mzunguko, nyingine zina nyuzi 16 kwa inchi. Kwa uzi wa milimita 1, skrubu yangu huzunguka theluthi mbili kwa kila mzunguko wa shafti, yaani mapigo 1066 na sehemu. Ukiitupa hiyo sehemu, uzi unahama polepole. Mwambie Arduino (bodi ndogo ya kompyuta inayopangwa) atoe mapigo 4 kwa kila hesabu 9 za enkoda, na hakuna kinachopotea. Uwiano huu mdogo ndio roho ya kazi yote.

Maswali

Mwalimu, naweza kuunga Arduino kwenye kitufe cha spidi cha bodi ya zamani iliyokuja na mashine?
Hapana, ndugu yangu. Kwenye bodi nyingi za aina hii, hata waya unaouona kama sifuri (ground) umeshikana na stima ya ukutani. Tenganisha kwa optokapla, kijipande kinachopitisha ishara kwa mwanga bila waya kugusana. Na ukizima, subiri, kisha pima kapasita, ambazo hubaki na umeme, kabla ya kugusa.

Fundi, stima ikipotea katikati ya uzi?
Rudisha kisu nyuma. Funga kontakta (swichi inayojiachia stima ikikatika) yenye kitufe cha kuwasha, ili stima ikirudi mashine isijiwashe ukiwa umeshika chaki (kile kinachobana chuma kinachokerezwa). Arduino atakuwa amesahau mahali alipokuwa, kwa hiyo sogeza kisu kwa mkono mpaka kikae ndani ya mfereji uleule, ndipo uanze hesabu upya.

Nijaribie chuma gani?
Shaba nyeupe (brass) au alumini, kina cha milimita 0.1 kwa kila mkato.