Boga la Futari Limeota Jalalani: Mbegu Zake Uzitunze?

Ramadhani ikiangukia karibu na masika, nyumba nyingi za Dar es Salaam huota maboga bila mtu kupanda. Boga lilinunuliwa Buguruni au Mabibo, likapikwa kwa nazi, maganda na mbegu vikaishia jalalani nyuma ya nyumba. Mvua zikianza, mche unatambaa hadi ukutani kwa jirani, kisha unazaa boga lisilofanana kabisa na lile lililoliwa. Lile lilikuwa la mviringo, la kijani. Hili ni refu na lina mabaka. Hapo ndipo ninapoulizwa: mbegu zake nizitunze?

Zitunze, lakini onja kwanza.

Mmea wa maboga una maua dume na maua jike, na chavua yake ni nzito, inanata. Upepo hauibebi, mbebaji ni nyuki, naye hachagui uzao. Akitoka kwenye boga la jirani akaingia kwenye lako, boga la msimu huo halibadiliki, nyama ni ya mama yake. Mchanganyiko umejificha ndani ya mbegu, utauona ukizipanda. Mbegu chotara za dukani nazo ziko hivyo: msimu wa kwanza maboga yanafanana kama sare ya shule, ukipanda mbegu zake kila mche unashika njia yake.

Wapo wanaoogopa kwamba tango au tikiti litaharibu boga. Hayachanganyiki. Maboga yenyewe ndiyo yana koo mbalimbali, na ukoo utaujua kwa kikonyo: kuna chenye pembe tano kinachotanuka pale kinaposhika boga, na kuna cha mviringo, laini kama kizibo cha chupa. Ya ukoo mmoja huchanganyika kirahisi, ya koo tofauti kwa nadra.

Sasa kuonja. Kata kipande kibichi, kiguse kwa ulimi, kisha uteme. Likiwa chungu, tupa lote pamoja na mbegu zake. Uchungu huo ni sumu iitwayo kukabitasini. Moto hauiondoi, wala tui la nazi haliifichi. Hutokea hasa boga likichanganyika na vibuyu vya mapambo au jamaa zake wa porini. Onja kila boga unalotaka kutunza mbegu zake, hata kama mwenzake wa mche wa pili lilikuwa tamu.

Ukipata boga tamu lenye nyama nzito, usiwaachie nyuki kizazi kijacho. Jioni tafuta maua yaliyoanza kuwa ya njano nchani lakini hayajafunguka. Jike utalijua kwa kiboga kidogo chini yake. Yafunge kwa uzi au kibanio cha nguo, dume na jike. Kesho yake wahi, kati ya saa 12:30 na saa 3 asubuhi, maana ua la boga hufunguka asubuhi moja tu na jua la Dar halilisubiri. Chuma dume, bandua petali zake, sugua unga wake wa njano katikati ya jike la mche huohuo, kisha lifunge tena. Funga uzi mwekundu kwenye kikonyo, la sivyo baada ya wiki tatu utasahau lipi ni lipi. Mimi nimeshasahau, na lile boga likaliwa.

Mche huo usiuchume msusa. Najua majani yake ni matamu, lakini chuma mingine. Kiboga kikishika, kivishe mfuko wa karatasi, inzi wa matunda asikitoboe. Mche wenye majani yaliyojikunja na mabaka ya njano usiuchukulie mbegu, kwa sababu baadhi ya virusi husafiri ndani ya mbegu.

Vuna ganda likishindwa kutobolewa na ukucha na kikonyo kimekauka. Usilipasue siku hiyo: liweke ndani wiki tatu au zaidi, mbegu ziendelee kujaa. Zioshe, zianike kivulini kwenye chekeche. Juu ya bati la moto zitaiva. Mbegu ikikunjwa ikavunjika badala ya kupinda, imekauka. Unyevu wa hapa pwani ndio adui mkubwa, hivyo tia kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana pamoja na majivu makavu, na uandike tarehe na ladha.

Kwa kuchagua hivi, masika na vuli, uzao wa boga hutulia, yote yakafanana, baada ya vizazi sita hadi vinane, yaani miaka mitatu au minne. Ukitaka kuuza mbegu, nenda kwanza TOSCI, wao ndio wanaosimamia ubora wa mbegu nchini.